Ile Darubini ya Angani Imepona Macho

Shoga yangu Salima,

Leo nimesikia habari redioni, nikavaa ndala haraka nije kukupigia hodi. Nilifika mlangoni ndipo nikakumbuka. Miezi yote hii, na bado nasahau.

Ile darubini kubwa waliyoirusha angani, tuliyoambiwa inaona ukungu, wameitengeneza. Watu wamepanda hukohuko juu wakairekebisha. Sasa inaona vizuri, Salima. Laiti ungengoja kidogo tu.

Nakumbuka tulivyopata habari za ubovu wake. Tulikuwa kwenye meza yetu ya mitumba hapa Mchinga. Uliacha kukunja magauni ukasema, "Masikini, kufika mbali kote kule halafu macho mabovu!" Wateja walicheka. Mimi nilijua umeumia kweli.

Darubini yetu ya macho mawili tuliipata Lindi, kwenye lundo la vitu vilivyotumika, katikati ya pasi na viatu. Jicho moja lina ufa. Tulikuwa tukipokezana uani kwenu baada ya isha. Siku ulipoona mashimo ya mwezi ulinibana mkono mpaka ukaniachia alama. Na ile nyota iliyokuwa ikitembea juu ya minazi! Uliapa ndiyo yenyewe, darubini ya angani, ukaipungia mkono. Nikasema labda ni ndege. "Ndege gani haina mlio?" ukaniuliza.

Kisha zikaja mvua, nawe u mjamzito. Uchungu ukakushika kabla ya wakati, na gari la kukupeleka Lindi likazama kwenye tope. Nilikulaza kichwa mapajani mwangu. Mtoto akatoka mzima, lakini damu... damu haikukoma. Uliniuliza, "Wa kike?" Nikakwambia, wa kike. Hukusema tena.

Yaliyofuata sijui niyaandikeje. Mama yako alinifukuza msibani. Alisema mbele ya watu wote, "Mlikuwa mnachungulia mambo ya Mungu. Haya, umeona?" Nilisimama nje nikamsikia mwanao analia ndani, nami siruhusiwi hata kumtazama. Nikarudi nyumbani, nikaifunga darubini kwenye kanga yako, ile ya zambarau uliyoisahau kwangu, nikaisukuma uvunguni. Sikutaka kuliona tena anga. Hata mwezi wa mfungo tatu, wa Idi ya kuchinja, ulipoandama, niliambiwa tu na majirani.

Sasa sikia. Juzi, nimemaliza kusali isha, nasikia hodi. Mama yako, kambeba mtoto mgongoni. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," akaitikia kwa sauti ndogo. Nikamkaribisha mkekani, hakuketi.

"Mwanangu kila siku alikuwa ananiomba nije nitazame," akasema. "Kila siku nilimkatalia. Hicho kitu bado kipo?"

Nilikitoa uvunguni, nikakifungua kwenye kanga yako. Tukatoka uani. Nikamwelekeza kwenye kile kishada cha nyota, Kilimia, kwa sababu ndicho anachokijua, hukitazama kila msimu wa kupanda. Aliisogeza huku na huku, nikadhani haoni.

"Kumbe zote hizi zilikuwepo," akasema.

Aliketi mchangani palepale akalia kwa sauti, anakuita, "Salima, mwanangu, nimeona. Nimeona, mama." Nikamfungua mtoto mgongoni mwake, nikampakata. Sikuwa nimemshika tangu siku ile garini. Ana kidevu chako, Salima. Na amekuwa mzito! Alinishika pua, akatushangaa tunavyolia, mpaka akachoka akalala.

Mama yako hakuniomba radhi, na mimi sikuidai. Alipoondoka alisema tu, "Kesho nitakuletea mhogo." Na kweli aliuleta, na mtoto pia.

Lakini uani kwenu hapakaliki, shoga yangu. Tangu juzi natazama peke yangu hapa kwangu, nikiona kitu kizuri nageuka nikuite. Hilo sijalizoea, na sidhani kama nitalizoea.

Lala salama. Mwenyezi Mungu akuangazie kaburi lako. Mimi nakuahidi jambo moja, na ninaliandika ili nisilikwepe: mwanao hatakatazwa kutazama.

Shoga yako,
Rehema