Daftari la Fundi wa Kombaini

Kendi mjukuu wangu,

Huku Ruiri tuko wazima. Nyanya yako anakusalimu sana, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Umeniuliza: ikiwa ile programu ya kuandikia kwenye kompyuta umeipanga upendavyo, na ni wewe peke yako unayeitumia, maelezo ya kila badiliko la mipangilio hiyo unamwandikia nani?

Nilipokuwa kijana kwenye mashamba ya ngano kule Timau, kombaini yetu, ile mashine ya kuvuna na kupura ngano, ilikuwa haiguswi na mtu ila fundi Mutwiri. Kila alipobadilisha kitu, aliandika daftarini: "Feni nimepunguza. Ngano ya huku juu ni nyepesi, inapeperuka pamoja na makapi." Nilikuwa namcheka. Nani atasoma?

Msimu uliofuata nikamkuta amechuchumaa kando ya mashine, kidole kikifuata mwandiko wake mwenyewe daftarini.

"Nilikuwa karibu kuongeza feni," akaniambia. "Huyu mtu amenikataza."

Sijaona tena fundi mwenye akili kama yule.

Kwa hivyo andika, mama. Kendi wa mwaka ujao ni mgeni kwetu sote, hata kwako. Mwachie maneno mawili.

Babu yako,
M'Ikiara