Fundi Niliyetaka Kumwondoa

Shoga, shika simu! Nimeumbuka!

Si ulinionya niongee na fundi wangu kwanza, ndipo nitafute mwingine? Mkaidi mimi! Leo nimemsaili dada mmoja chumba cha nyuma, fundi yuko mbele anashona.

Nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Huyu wa sasa namwondoa Ijumaa. Mvivu, halafu ana mdomo."

Akatabasamu. AKATABASAMU! "Najua, mama. Ni mume wangu. Alihisi, akanituma nije nisikie."

Mume wake! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Amempitia mumewe pale mbele, wamenong'ona, kaondoka. Mimi nimejifungia huku nyuma.

Cherehani imenyamaza. Nasikia mkasi tu. Na kilicho mezani kwake ni gauni la harusi la binti yangu.