Kibati Namba 41

Jumamosi, 1 Machi
Makaburini tena, tangu asubuhi. Nyasi zimenikata vidole. Fumbo la mchezo wetu wa kusaka hazina limekaribia kuisha: wachezaji watasoma namba kwenye vibati vya makaburi sita, wazijumlishe, waingize jibu kwenye ramani ya simu, nayo iwaelekeze kwenye kisanduku nilichoficha. Nia yangu njema, nadhani. Wajenzi wa reli wamelala hapa, pamoja na wengine waliozikwa bila majina, na hakuna anayewatembelea. Vibati viwili vilikuwa vimeanguka. Kimoja nimekirudisha mahali pake. Cha 41, nilichokiokota nyasini, nimekipigilia kwenye kaburi lisilo na namba karibu na ua wa michongoma, hesabu ikae sawa. Nani atajua?

Jumapili, 2 Machi
Wamekuja kumi na wawili, na kofia na miwani ya jua. Mmoja kapiga picha amekalia kaburi. Nimemfokea. Kisanduku kimepatikana baada ya saa mbili. Nimejiona mwalimu wa jiografia hodari kuliko wote Kisumu.

Jumanne, 4 Machi
Mzee Otieno, mlinzi wa makaburi, kapiga simu nikiwa darasani. "Mwalimu, kuna mama ametoka Nyeri. Bwana yake iko hapa, anataka kumpeleka nyumbani. Ako na karatasi imeandikwa 41."
Zamani aliuza viazi hapa mjini. Vurugu za uchaguzi zikaja, akakimbia na watoto. Mumewe akauawa, akazikwa na watu asiowajua. Kilichomfikia ni namba ya kaburi tu. Sasa amepata kibali cha kufukua. Ijumaa watachimba.
Sijala.

Jumatano, 5 Machi
Nimeenda ili nimwambie. Nimemkuta yule mama wa Nyeri, Mama Wanjiru, amepiga magoti kwenye lile kaburi la karibu na ua, anamsemesha kwa Kikuyu mtu ambaye huenda si wake. Kanishukuru kwa kufyeka nyasi. Kaninunulia soda. Nimeinywa yote. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepekua picha zote kwenye simu. Hakuna inayoonyesha kile kibati nilikiokota wapi. Nimerudi, nikazunguka kwenye nyasi. Kaburi lake la kweli linaweza kuwa lolote kati ya tisa yasiyo na kibati. Mzee Otieno hajui, alianza kazi mwaka jana. Nikinyamaza, mama ataondoka na mifupa ya mtu, na ataridhika. Nimeliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika.

Ijumaa, 7 Machi
Shimo lilikuwa limefika magotini niliposema. Nimesema mbele ya wote. Mwanawe mkubwa akanikaba kola. Mama akamwambia aniache. Kisha akaniuliza, taratibu:
"Mwalimu, sasa nitabeba nani?"
Kibali ni cha kaburi moja.
Mzee Otieno akajaribu kusaidia. "Kwetu mtu akipotelea ziwani, tunazika yago, ile tunda refu ya mti, badala ya mwili. Hiyo pia ni kuzika, mama."
"Wangu hakupotea," akasema. "Nilikuwa na namba yake."
Wakafukia.

Jumapili, 9 Machi
Waliondoka jana, jeneza tupu juu ya gari. Alinipa mkono. Nilitamani anizabe kofi.
Mzee Otieno amempigia leo kumjulia hali. Kule Nyeri kaburi lilichimbwa tangu Jumatano, nyuma ya nyumba. Wanawe wanataka kulifukia. Amekataa. Mvua imeanza huko, kwa hiyo wamelifunika kwa turubai.