Kitenge cha Mama na Bomba la Ignace

Diepsloot, Johannesburg
Jumanne, 14 Mei 2024

Dada yangu mpendwa Pascasie,

Pokea salamu zetu nyingi huko Buyenzi. Mguu wako unaendeleaje? Na paa, limeacha kuvuja? Sisi ni wazima. Mgongo wangu unauma kwa kusukuma toroli, lakini mtoto wetu Carmel ametimiza miezi minne na ananyonya vizuri.

Uliuliza kama kitenge cha marehemu mama kilifika. Kilifika, dada. Yaliyokipata sikutaka kukuambia, ila sasa naweza.

Katika yadi yetu tuko familia kumi na moja, bomba moja. Msimamizi wa bomba alikuwa Ignace, mtu wa kwetu kabisa, kiongozi wa kwaya. Amri yake: nguo zifuliwe Jumamosi tu. Mimi Jumamosi niko kazini, na mke wangu Ariane vilevile. Basi Jumatano Ariane alikiloweka kitenge, ili Carmel abebwe kwa nguo ya bibi yake. Alipoingia ndani kunyonyesha, Ignace akamimina jiki, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwenye beseni. Akamwambia, "Sheria ni sheria, mama Carmel. Si nimekusaidia kung'arisha?"

Sikupigana naye. Nilisubiri.

Unajua ninalima bustani kwenye nyumba moja ya makumbusho. Ukutani kuna ubao wa sheria za maji za mji mdogo uliokuwa hapo wakati wa wakoloni, miaka mia na thelathini iliyopita. Mji mzima ulikunywa maji ya mfereji mmoja. Kufua kuliruhusiwa upande wa chini tu, kwa siku zake. Na mlinzi wa mfereji akivunja sheria, nguo zake zilitundikwa sokoni. Wageni husoma wakacheka. Mimi niliusoma polepole, mara nyingi, maana niliacha shule darasa la sita.

Jumatatu ya wiki jana nilikuwa na mapumziko. Nikamkuta Ignace anafua joho la kwaya na nguo zake za ndani katika tangi letu la maji ya kunywa. Alipokwenda kuchukua vibanio, nikazitoa zote nikazitundika getini, upande wa barabara, joho katikati.

"Fiacre, ndugu yangu, watu wa kanisa wanapita hapo."

"Leo si Jumamosi, kiongozi."

Wapangaji walisimama getini, Ignace hakuthubutu kuzigusa mpaka jioni. Mama wa spaza, kiduka cha jirani, alicheka hadi akakaa chini. Mwenye yadi amempa mwingine ufunguo wa bomba.

Juzi Ignace alileta kitenge kipya kutoka Newtown, akaomba yaishe. Najua utaniambia nisamehe. Kitenge chake tunapigia deki.

Cha mama kina doa jeupe, kubwa kama sahani. Kila asubuhi Ariane humbeba Carmel nacho, akapita mlangoni kwa Ignace kwenda bombani, ingawa kuna njia fupi zaidi. Mimi ndiye niliyemwomba apite hapo.

Nisalimie shemeji Juvénal na watoto wote. Mungu akulinde, dada, na aniachie mimi huyo Ignace.

Mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Fiacre