Uzito wa Flaiwili

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanguka tena! Kona ileile ya mawe, chini ya tangi la maji. Injini ikazimika, pikipiki ikanilalia. Tangu nivunjike kifundo cha mkono wa kushoto, klachi naibana nusunusu, na kwenye mwinuko pikipiki haina subira. Ukichelewa kidogo tu, kwisha. Bosi kasema Jumamosi atanifuata nyuma na pikipiki yake. Nikipanda njia yote ya bomba hadi tangini bila injini kuzimika, kazi yangu. Nikishindwa, nakaa ofisini kupokea simu za waliokatikiwa maji. Miaka tisa nakagua bomba lile! Mimi na kiti wapi na wapi?

Jumanne, 5 Machi
Mume wangu — mdomo hauna breki — kamwambia baba yake. Nikajua yameisha. Tangu niolewe, baba mkwe haipendi pikipiki yangu. Mzee kakereza vyuma miaka arobaini, akisema, kasema. Kaja, kaiwasha, kasikiliza. Kisha: flaiwili nyepesi. Ni lile gurudumu linalozunguka ndani na kuisaidia injini isife. Tukiliongezea uzito, itapanda polepole bila kuzimika. Tukiliongezea! Yeye na mimi!

Alhamisi, 7 Machi
Aibu yangu. Baba mkwe kakereza pete ya chuma, gramu mia tatu, inang'aa. Mimi na haraka zangu nikachukua pete na flaiwili, mbio kwa mchomeleaji aziunganishe. Mzee katukuta moto ndio unawashwa. Kapiga kelele barabara nzima ikageuka: joto linaua sumaku! Flaiwili ina sumaku, zikifa hakuna cheche, hakuna pikipiki. Nilisubiri matusi. Kasema tu, mama, tutafunga kwa bolti. Nililia njia nzima, kwa shukrani.

Ijumaa, 8 Machi
Kava la injini limegoma kufunga, pete inaligusa. Mzee karudi kwenye mashine, kapunguza unene wa ukucha. Likafunga! Uwanjani gia ya kwanza, klachi nimeiachia kabisa, inakwenda mwendo wa bibi harusi. Nimeshukuru mpaka kaniambia ninyamaze, anasikiliza injini.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekaa juu ya bomba, chini ya kona. Hadi hapa haijazimika hata mara moja. Asante, Mungu! Ya bosi imezimika mara mbili, sasa anavuta pumzi.

Ila kule juu kwenye mawe kuna mtu. Baba mkwe! Na goti lile bovu, kapanda kwa miguu bila kumwambia yeyote. Nikadhani kaja kusikiliza injini. Sivyo. Kasimama upande wa kushoto, palepale ninapoangukia kila mara, miguu kaitanua, mikono mbele. Jamani, mzee huyu anataka kunidaka!

Nimempungia aondoke. Kakataa.

Bosi kaniashiria niende. Mkono unauma. Yeye bado yuko pale. Naenda —