Salamu Zinazoanza na Zuwena

Matrah, Maskat
Ijumaa, katikati ya Muharram 1388

Baba yangu,

Malam Garba amerudi Hija salama. Nakuandikia leo kabla mtu mwengine hajaja na swali jengine, maana tangu ulipoondoka Ramadhani kila anayebisha hodi ana swali, na majibu yako mimi sinayo.

Kwanza ya nyumbani. Mama hajambo. Kigoda chako cha kazi, kile kilichobonyea, hataki kikaliwe wala kiondolewe, basi sote tunakizunguka. Vyombo vyako vya kushonea viatu nimevipaka mafuta nikavifunga kitambaa. Watu wa sokoni bado wanaleta ndara zilizokatika. Wakifika mlangoni ndipo wanapokumbuka, husimama nazo mkononi kama watu waliofika harusini siku ya pili. Mume wa Zuwena amepata kazi kule kwenye mafuta. Na Salma wangu ana mimba. Hilo hukuliwahi, Baba. Nilikuwa nangoja Idi nikwambie.

Sasa ya Jamaa.

Nafasi yako wamenipa mimi. Sikuomba, na nilipokataa walisema kukataa ni dalili ya kufaa, nikaona hapo hapana pa kutokea. Unawajua wewe kuliko mimi: zile nyumba zetu chache za Wahausa, kila mmoja katupwa pwani hii na Hija ya baba yake au babu yake, kama wewe Hija ya babu ilivyokutupa Unguja, ukamuoa Mama, ukadhani umefika, mpaka ule mwaka wa sitini na nne ukatuleta huku na mabegi mawili. Tulikuwa hatujapata hata nyumba yenye mlango mzuri, nawe umeshaanza kuuliza sokoni nani mtu wa upande wa Katsina, kwenu. Mama akasema, "Sisi wenyewe wa kusaidiwa, mwenzetu anatafuta wa kuwasaidia!" Ukacheka tu.

Nnaona sasa ulikuwa umebeba mzigo mkubwa kuliko nilivyodhani. Mimi nilikuwa nnauona ule wa magunia tu: bafta za kanzu za watoto wa madrasa, sindano, vidonge vya homa, kamba na kapi la chuma la kisima. Malam Garba akienda Hija kuwapikia mahujaji anauchukua, anawakabidhi watu wa kwenu wanaokuja kwa ndege kutoka Kano. Huo nnauweza. Bwana mwenye duka ninapofanya kazi hunipunguzia bei ya bafta, na kufunga magunia nimejifunza kwako. Mzigo nisiouweza ni wa neno lako. Kisima cha kwenu kimefika kwenye mwamba na maji bado. Mwaka juzi kingo zilimfukia mtu, akatolewa mzima, na vijana wakaapa hawashuki tena. Wakashuka, kwa kuwa wewe ulituma neno ukawaomba.

Danladi hakulificha hilo. Alisimama pale barazani kwetu, na mikono yake ya hamali kiunoni, akasema, "Kijana ni mwema, sikatai. Lakini Kihausa chake ni cha kuombea chumvi. Nani kule atashuka kisimani kwa neno la mtu asiyemjua?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini usiku sikulala. Ni kweli. Nani atashuka?

Tukakubaliana hivi. Habari ya kufa kwako isitangazwe Hijani. Bibi, mama yako, angali hai, na mtu mzima kama yule hafai kupata habari ya mwanawe kwa mdomo wa msafiri. Malam Garba angemwambia ami yangu, anayekuja kuupokea mzigo, peke yake, pembeni, naye akifika nyumbani amwambie Bibi ndani ya nyumba yake, watu wake wakiwa wamemzunguka. Na salamu zipelekwe mbele ya wote kama kila mwaka, wajue Jamaa wako pamoja.

Salamu zile, Baba. Ulikuwa ukimkalisha Malam Garba karibu na mlango, ukimsomesha kwa mdomo, maana ulisema mzigo usio na salamu ni kama wa kuokota. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na Mama. Nnazijua kwa moyo. Zilianza na Zuwena, mdogo wangu anayenifuata, halafu wadogo zake, halafu Mama, halafu nyumba za Jamaa moja baada ya moja. Mimi sikuwemo. Hukuwahi kunitaja, si katika salamu wala mezani wala njiani. "Mwambie yule alete maji," unamwambia Mama, na yule kasimama mbele yako na kopo mkononi! Mama akikujibu, "Yule ana jina, alichinjiwa mbuzi wawili!" Wewe unatazama ukutani. Mama ndiye aliyenieleza nilipokuwa mdogo nikilia, kwamba kwenu mzazi hamtaji mtoto wake wa kwanza, anaona haya, na si kwamba hampendi. Nilielewa. Lakini kuelewa kwa mtoto, unajua.

Unakumbuka siku tulipovuka mlima kwa miguu kwenda Bustan, ulikuwa na viatu vya mtu wa kule vya kupeleka? Ulikwenda mbele, hukugeuka hata mara moja. Kwenye mteremko gidamu ya kiatu changu ikakatika. Sikukuita. Nikainama nahangaika nayo, na nilipoinua uso nikakuona umesimama kule chini umenipa mgongo, unaitazama bahari kama mtu aliyeiona kwa mara ya kwanza. Wewe, uliyekuwa huipendi bahari. Nilipomaliza kufunga, ukaanza tena kwenda. Asubuhi yake nilikuta jozi mpya mlangoni, ngozi nyekundu, zimenienea sawasawa. Zilinibana baadaye nikazirithisha, lakini mpaka leo nikipita jabali lile nnasita kidogo.

Basi nilipomsomesha Malam Garba salamu za mwaka huu, Danladi akasema, "Mtieni na yeye, na awe wa kwanza. Kama watu wa kule watamtii, lazima walizoee jina lake." Sote tukaona ni maneno ya akili. Hata Malam Garba, mtu mzima, hafidhi, akasema sawa. Nikalitia jina langu mbele ya Zuwena. Nitakwambia kweli, Baba: nilipolisikia likitoka mdomoni mwake, pale penye mlango wako, nilifurahi.

Meli ikaondoka na mimi nikaanza kungoja. Nikenda dukani nakata bafta nakosea kipimo. Nnafungua redio ya mume wa Zuwena, sauti chini, nasikia vita vya Nigeria. Vimo upande mwengine wa nchi lakini wanasema vijana wanachukuliwa kila mahali, na mimi nahisabu: wale waliokuwa wakishuka kisimani wote ni vijana. Askari wa lango la mji akanishika siku moja akaniuliza watu wale wanaokuja kwetu kila Ijumaa wanakusanyika kwa nini, na lugha gani ile wanayosema. Nikamjibu kama ulivyokuwa ukijibu: tunasoma khitma. Na kweli tunaisoma, kwanza. Akaniangalia sana. Tangu hapo nawaambia watu waje mmoja mmoja, na Danladi anakuja anaimba ili kunichokoza.

Juzi Malam Garba akarudi. Nilijua kwa namna alivyovua viatu, polepole, kuna jambo.

Akatusimulia, Jamaa wote tumekaa, Mama nyuma ya pazia. Walikutana na watu wa kwenu kule Mina, hemani. Mzigo ukapokewa, dua ikaombwa. Ami alikuwepo, lakini watu walikuwa wengi na Malam Garba hakupata bado kumvuta pembeni. Wakamwambia, haya, tupe salamu. Akaanza. Akalitaja jina langu, akamtaja Zuwena, na hapo sauti ikatoka upande wa wanawake, sauti ya kikongwe: "Rudia mwanzo."

"Mwanangu," Malam Garba akaniambia, "lau ningejua ningejiuma ulimi. Alikuwa bibi yako. Ami yako kauza ng'ombe akamleta Hija, na hakuna aliyeniambia."

Akarudia. Akalitaja tena jina langu. Kisha Bibi akauliza, "Ameondoka lini?"

Hakuuliza kama umekufa, Baba. Aliuliza lini.

Miaka yote ile kwenu walikuwa wakisikia salamu zinaanza na Zuwena, na hapo wanajua: baba mtu yuko, anaona haya. Ndivyo walivyokuwa wakikujulia hali. Hukuwa na haja ya kusema u mzima. Mwaka huu jina langu lilitoka kwanza, na nyumba yenye baba hailitoi jina lile. Hakuna kati yetu aliyekumbuka. Wote Wahausa, wote tunajua kwamba mtoto wa kwanza hatajwi, lakini tumekaa mbali mno. Ada tumeishika, kazi yake tumeisahau. Danladi akajipiga paji la uso akasema, "Mimi ndiye punda." Nilikuwa nataka kumwambia si yeye. Nilikuwa namfikiria Bibi ndani ya hema la watu, safarini, mbali na nyumba yake, kama tulivyokuwa tukiogopa, na jina lililompa habari ni langu.

Malam Garba anasema hakupiga ukelele. Alisema "yule wangu", mara mbili. Wewe nawe ni kifungua mimba wake. Hata siku ile hakukutaja. Wanawake wakamshika. Asubuhi akamwita Malam Garba, akamuuliza kama uliumwa sana, nani alikuosha, na kapi la kisima safari hii ni la chuma au la mti. Halafu akampa salamu zake za kutuletea.

Malam Garba akazitoa palepale barazani, kwa mpango ule ule wa kwenu. Alimtaja Zuwena. Aliwataja wadogo zake. Alimtaja Mama kwa jina la baba yake, na nyuma ya pazia Mama akasema "alaykumu ssalam" kama yupo naye. Akazitaja nyumba za Jamaa zote, akamtaja Danladi, akamuulizia mpaka mbuzi wake. Nikangoja. Malam Garba akafumba mdomo. Zilikuwa zimekwisha.

Sikutajwa.

Nikatazama mkeka. Nikajisemea, basi, ndiyo hivyo, hawakunikubali, na kwa nini wanikubali? Nimemuua mwanawe mara ya pili mbele ya watu. Kisima kitajaa mchanga. Nikawa natafuta maneno ya kuwaambia Jamaa wachague mtu mwengine, nami ninayo ya Kiswahili tu.

Ndipo Malam Garba akatoa kifurushi kidogo cha majani, ndani goro, zile kokwa zenu chungu ambazo kwenu jambo halifungwi bila ya kugawana. Wewe ulikuwa ukipokea na kugawa. Akaja mpaka mbele yangu, mtu mzima yule, akainama, akanipa kwa mikono miwili.

"Alisema, hizi mpe yule."

Danladi ndiye aliyefahamu mwanzo, Danladi huyo huyo. Akakaa vizuri, akaikunja miguu yake kama alivyokuwa akikaa mbele yako, akasema, "Haya, mkubwa. Gawa."

Na nyuma ya pazia nikamsikia Mama anacheka na kulia pamoja: "Yule ana jina! Alichinjiwa mbuzi wawili!"

Nikagawa. Nilikata kwa kisu, kumbe ni kwa vidole, wakanicheka. Chungu vile vile kama ulipokuwa ukinitilia kipande mfukoni bila ya kuniangalia.

Sitaki udhani mambo yamekwisha. Ami ametuma neno kwamba watashuka kisimani baada ya mavuno, kama vijana watakuwepo, na "kama" hiyo nalala nayo. Askari jana kapita tena. Kihausa nimeanza kujifunza kwa Malam Garba kila alasiri, na Danladi anasema sasa naweza kuomba chumvi na pilipili. Nnaogopa, Baba. Nnaogopa kila siku. Sikuwahi kukuuliza kama nawe ulikuwa ukiogopa. Labda ndiyo maana ulikuwa ukitazama ukutani.

Na Salma akijaaliwa kuzaa, sijui. Mama anasema nisithubutu kumfanyia mtoto wake mambo ya Katsina. Mimi nataka kulitamka jina lake nyumba nzima isikie. Lakini nimejaribu kulisema peke yangu, lile tulilolichagua, na nikaona haya.

Nakuahidi mzigo wa mwakani utakwenda, niwepo au nisiwepo, na kamba itakuwa ndefu kuliko ya mwaka huu. Nakuahidi kigoda chako hakitakaliwa mpaka Mama aseme. Viatu vya watu vilivyobaki nitavishona mwenyewe, vibaya vibaya, nivirudishe.

Pumzika sasa. Na kama huko uliko mtu huwaombea wake, unikumbuke na mimi. Anza na Zuwena, kama kawaida yako. Mimi nitajua.