Saa Niliyomuundia Mama

Igogo, Mwanza

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi wazima, pacha wako Doto kapata kazi ya kufundisha Igoma, na magoti yangu tusiyazungumzie. Unauliza kwa nini saa yangu ya sebuleni inapishana na simu kwa saa sita, na unaomba ruhusa ya kuirekebisha ukija. Ngoja kwanza.

Saa hiyo niliiunda mwenyewe nikiwa msichana, nikijifunza ufundi redio. Taa zake nyekundu za namba nilizitoa kwenye kalkuleta mbovu, transista kwenye redio zilizokufa. Wenzangu wote karakana walisema haitawaka. Ikawaka! Asubuhi nikaipeleka nyumbani nikitamba. Mama yangu, ambaye alijua kusoma namba tu, akaitazama.

"Saa saba, na jua ndiyo kwanza linachomoza? Mwanangu, mashine yako ni mwongo."

Nilitaka kumweleza namna ya kuhesabu upya kichwani. Kisha nikajiuliza, hivi nimemuundia nani? Nikabonyeza kitufe mpaka ile saba ikawa moja.

Mama akasoma polepole, "Saa moja na dakika nne." Akatoka uani akipiga vigelegele, na mpaka adhuhuri alikuwa anawatangazia majirani saa, bila kumuuliza mtu.

Kwa hiyo ukija Desemba, usiiguse. Simama mbele yake uisome kwa sauti.

Bibi yako,
Fundi